Uniti Mbili

Ilianza na mita ya umeme, ile ya ukutani juu ya ndoo ya maji.
Mwinshehe alisema inahesabu.
Nikamwambia ndiyo kazi yake, kuhesabu,
nikacheka, Mungu anisamehe, nikaendelea kumenya vitunguu.

"Si uniti," akasema. "Inanihesabu mimi."

Kaka yangu fundi simu, Kariakoo.
Mkono wake ulikuwa hautetemeki:
alishika waya mwembamba kuliko unywele
akaurudisha mahali pake kama anayelaza mtoto.
Kisha kazi za usiku zikazidi,
rafiki mmoja akaja na misokoto,
baadaye na vidonge vya kukesha,
baadaye na kitu ndani ya nailoni
chenye jina lililobadilika kila wiki.
Siku nne hakulala. Ya tano
akaifungua feni, akatafuta masikio ndani yake.

Tulimkuta kaziba soketi zote kwa ugali,
simu kumi na moja za wateja kazizamisha kwenye ndoo,
mwenyewe yuko chini ya meza
anamnong'oneza mtu nisiyemwona:
"Nyamaza. Wamefika tarakimu ya tisa."

Mama akasema ni jini.
Shangazi Mwanahawa akasema ni husuda, akamtaja na mwenye nayo.
Tukamnywesha kombe, zafarani ikamchuruzika kidevuni;
tukamfukiza ubani, akazidi kupiga kelele,
maana kila moshi kwake ulikuwa na mtu ndani.
Jirani hawakuhangaika. Walikuwa na neno lao tayari:
teja.
Fupi, halichoshi mdomo.

Mimi sikuwa na neno, nilikuwa na hasira.
Nilimshika mabega, hakuna kitu, Mwinshehe, hakuna kitu!
Akanitazama kama anayezama
na aliye ukingoni anamwambia maji hayapo.

Hospitali ya Temeke, saa nane za usiku.
Sista Grasiana akauliza, "Anatumia nini?"
"Hatumii," tukajibu sote watatu,
kwa pamoja, kama watoto wa madrasa.
Hakuandika. Aliweka kalamu chini, akangoja.
Juu yetu feni ilizunguka, Mwinshehe akiihesabu.
Mama alitazama viatu vyake.
Ndipo nikachomoa kwenye sidiria
ile nailoni niliyoificha tangu Jumatatu,
nikaiweka mezani, imelowa jasho langu.

Aibu ile ilikuwa ndogo hivyo. Ingetosha kwenye kiganja.

"Anachokisikia usimbishie," sista akaniambia koridoni,
"wala usikikubali. Muulize anaogopa nini."
Nikauliza kama ataponea hapo.
"Wengine wiki mbili. Wengine inabaki.
Akirudia, nayo huenda ikarudi."
Nilitaka aongeze neno. Aliitwa kitanda cha sita.

Sasa ni mwezi wa tatu. Amenenepa mashavu,
dawa zimempa ulimi mzito na usingizi wa mchana.
Wateja wawili tumewalipa, tisa bado.
Siku nyingine hukaa mlangoni akitazama mikono yake
kama vifaa alivyoazima kwa mtu.

Jana nilinunua umeme wa elfu mbili.
Tarakimu ishirini kwenye simu yangu.
"Nisomee," akasema. "Nitaingiza mimi."

Nikasoma taratibu. Kidole kikatetemeka, kikabonyeza.
Tatu. Sifuri. Saba.
Kwenye ya tisa akasimama.

Mita ikalia: tii. Tii.

Hakunigeukia mara moja. Nilimwona shingo ikikakamaa,
nikajua anachagua, kuuliza au kunyamaza.
"Na wewe," akasema, "unaisikia?"

"Naisikia. Zimebaki uniti mbili."

Taa nyekundu ilipepesa juu ya uso wake,
ikazima, ikapepesa.
Aliisikiliza tena kidogo, sasa tukiwa wawili,
akajifuta jasho kwa ukosi wa shati.

"Haya," akasema. "Nisomee ya kumi."